Taa za baiskeli kwa barabara za giza: namba ya lumeni isikubabaishe

Kama unaenda kazini na baiskeli na njia yako inapita sehemu ambazo hamna taa za barabarani, hamna nyumba, hamna chochote, naomba usome hii kabla hujatoa hela yako, maana taa nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mjini, na zilizobaki kwa ajili ya mtu anayeshuka milima msituni usiku, na wewe sio wa huku wala wa kule. Mtu wa mjini barabara anaiona tayari, taa yake kazi yake kubwa ni yeye kuonekana. Wewe bila taa huoni hata mkono wako. Kwa hiyo taa yako ya mbele ina kazi mbili kwa mpigo, ikuoneshe njia kwa ile spidi unayoenda, na isimpofue anayekuja mbele yako, na hiyo kazi ya pili watu wanaipuuza sana wakati kwangu mimi ndo imeamua nichague nini.

Nimetumia aina tatu, taa ya kuchaji yenye mwanga wa duara, taa ya kuchaji yenye mwanga uliokatwa juu, na dainamo ya kwenye habu, yaani kijenereta kilichomo kwenye kitovu cha gurudumu. Nimeendesha nazo kwenye mvua, ukungu na vumbi. Msimamo wangu ni mmoja tu, kwenye giza totoro umbo la mwanga lina maana kuliko wingi wake, taa ya kawaida yenye umbo zuri inaipiga mbali taa kali yenye umbo bovu.

Tuanze na ile namba kubwa ya kwenye boksi. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, basi, haina habari nyingine. Ni sawa na mtu akwambie ndoo yake ina maji lita kadhaa, hajakwambia anaenda kuyamwaga wapi. Taa ya lumeni 1000 yenye lenzi ya duara kama tochi inatupa sehemu kubwa ya mwanga juu, kwenye majani ya miti na usoni kwa watu, na sehemu nyingine inaiweka pale pale mbele ya gurudumu. Na hilo baka jeupe karibu na gurudumu ndo baya zaidi, maana jicho linajirekebisha kufuata sehemu yenye mwanga mwingi, sasa pale mita 3 mbele pakiwa peupe kama karatasi, huko mita 30 mbele panakuwa peusi tii hata kama mwanga kiasi flani unafika. Utaona watu wanalalamika taa yao ina lumeni kibao lakini hawaoni mbali, sababu ni hiyo.

Luksi ndo inakwambia mwanga kiasi gani umefika pale mahali. Wajerumani wanaipima mita 10 mbele ya taa, kwa hiyo ukiona taa imeandikwa luksi 100 maana yake ni hapo mita 10, kwenye sehemu kali kuliko zote. Afu mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo, kwa hiyo luksi 100 za mita 10 zinakuwa 25 mita 20, zinakuwa kama 11 mita 30, na mita 50 zinabaki 4. Usizidharau hizo 4, kwa jicho lililozoea giza ni mwanga wa kutosha kuona barabara inapinda wapi, mbalamwezi ile kamili yenyewe haifiki hata luksi 1.

Sasa taa yenye umbo zuri inafanya hivi, karibu inaweka mwanga kidogo, mbali inaweka mwingi, kwa hiyo ukiangalia barabara unaiona imemulikwa sawasawa kuanzia karibu mpaka mbali, hamna baka jeupe. Juu imekatwa. Ukiielekeza ukutani unauona mstari kabisa, chini peupe juu giza, kama taa ya gari ikiwa imepunguzwa. Ujerumani hii ni sheria, kanuni zao wanaziita StVZO, taa ya mbele lazima itoe angalau luksi 10 mita 10 na pale juu ya mstari mwanga usizidi luksi 2, na taa iliyopita inapewa alama ya K yenye namba zake. Mi nawashauri watu wa nchi yoyote ile waitafute hiyo alama hata kama kwao hakuna sheria kama hiyo, sio kwa ajili ya polisi, ni kwa sababu alama hiyo inakuhakikishia kuna mtu alikaa akafikiria mwanga unaangukia wapi.

Unahitaji kuona umbali gani? Hesabu yake sio ngumu. Ukienda km 25 kwa saa unakula karibu mita 7 kila sekunde, mpe mtu sekunde moja na nusu ya kuona kitu na kushika breki, tayari mita 10 zimeenda, afu breki zenyewe kwenye lami kavu zinataka kama mita 6. Jumla 16 na ushee. Kwenye changarawe au lami yenye maji inafika 20. Sasa mteremko, spidi imefika 40, hapo ni mita 32 hivi pakiwa pakavu na zaidi ya 40 pakiwa na maji. Kwa hiyo taa inayokuonesha mita 20 vizuri inakufaa kwenye tambarare, ila kwenye mteremko unaendesha kwa imani tu, na barabara za vijijini huko kwenye mteremko ndo maji yamekula lami na kuacha mashimo.

Mashimo yenyewe yanaonekanaje usiku, hii naomba niieleze kidogo kwa sababu ndo inaamua taa unaifunga wapi. Taa ikiwa chini, kwenye usukani au pale juu ya uma, inapiga barabara kwa kulala. Ukingo wa shimo wa upande wako unatupa kivuli ndani ya shimo, na ukuta wa upande wa pili unapigwa na mwanga, kwa hiyo unachokiona kwa mbali ni mstari mweusi, juu yake kauzi keupe. Mweusi halafu mweupe, ukishalizoea jicho linalikamata mapema sana. Kiraka cha lami nacho ni cheusi lakini hakina kauzi keupe, kwa hiyo unajua unaweza kupita juu yake. Tuta ni kinyume, linaanza jeupe, weusi unafuata nyuma yake. Sasa chukua taa hiyo hiyo uiweke kwenye helmeti, mwanga unatoka karibu kabisa na macho yako, vile vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu, barabara inaonekana bapa kama meza, shimo unakuja kulijua likiwa chini ya tairi. Na kwenye ukungu au vumbi ndo balaa, mwanga wa helmeti unagonga matone au vumbi pale pale mbele ya macho na kukurudia, unaona ukuta mweupe tu.

Sisemi taa ya helmeti haina kazi. Kwenye kona kali inaangalia unakoangalia wewe, wakati taa ya usukani inamulika mtaro. Ila iwe ndogo, iwe ya pili, na ukumbuke kichwa chako kikimgeukia dereva anayekuja umempiga nayo ya macho moja kwa moja.

Lami iliyolowa nayo ina tabia yake, maji yanaifanya kama kioo, mwanga wako unateleza kwenda mbele badala ya kukurudia, kwa hiyo taa ile ile iliyokutosha jana leo unaiona kama betri imeisha. Haijaisha. Ndo maana nasema chagua taa yenye akiba kidogo juu ya unachohitaji pakiwa pakavu.

Basi tuje kwenye taa zenyewe.

Ya duara, mfano mzuri nauchukua Cateye Volt 800. Ni taa imara, inatoa lumeni 800 kwa saa 2, 400 kwa saa tatu na nusu, 200 kwa saa 8, na kitu ninachoipendea ni betri yake, inachomoka nyuma yote kama katriji, unanunua ya ziada unaiweka mfukoni, ikikata njiani unabadilisha unaendelea na safari. Kwa anayepita njia ya mchanganyiko, kipande kina taa za barabarani kipande hakina, inamtosha. Lakini mwanga wake haujakatwa juu, kwa hiyo lazima uiinamishe, na ukiinamisha unapoteza ule umbali uliolipia. Kwenye barabara ya giza yenye magari yanayokuja mara kwa mara mkono wako hautulii, unainamisha, unainua, unapunguza, unaongeza. Kama barabara yako haina mtu kabisa, ni wewe na popo, basi hilo sio tatizo na taa ya namna hii utaifurahia sana.

Taa za lumeni 2000 na kuendelea za umbo hilo hilo la duara mi sizipendekezi kabisa kwa barabara ya kawaida, hata kama unazitumia kwa nguvu ya chini, maana siku utakayosahau kupunguza utamtoa mtu barabarani. Dereva aliyepofushwa hajui wewe uko wapi, anaona jua tu, upana wako haujui, umbali wako haujui, na anakuja na tani moja na nusu ya chuma.

Ya kuchaji yenye mwanga uliokatwa, hapa ndo moyo wangu ulipo. Busch & Müller wana Ixon IQ Premium, luksi 80, inatumia betri 4 za AA, zile za kawaida za rimoti, unaweza kuweka za kuchaji, na zikikuishia njiani duka lolote linaloweza kukuuzia betri linakuokoa. Kwenye nguvu kamili inaenda kama saa 5. Wapo wanaoiona ya kizamani kwa sababu ya hizo AA, mi naona hiyo ndo sifa yake. Ukitaka nguvu zaidi hao hao wana Ixon Space, luksi 150, betri yake iko ndani. Ukikaa nayo barabarani cha kwanza unachokigundua ni utulivu, huhangaiki na chochote, anayekuja hakupigii taa kulalamika, na wewe unaona alama za pembeni mpaka kule barabara inapopinda. Kampuni ya Lupine na taa yao ya SL AX wameenda hatua mbele, ina mwanga wa kawaida uliokatwa na ina taa kubwa kama ya gari, unaiwasha na kuizima kwa rimoti ndogo pale kwenye usukani, gari likitokea unabonyeza kwa dole gumba bila kuachia breki. Kwa barabara yenye kona nyingi na miti iliyoinamia njia hiyo taa kubwa ina thamani yake, maana udhaifu wa mwanga uliokatwa ni kwamba tawi lililoshuka usawa wa kichwa chako hulioni, na kwenye bonde, pale barabara inapoanza kupanda mbele yako, mwanga unaishia karibu. Udhaifu huo upo, niseme ukweli. Nimeukubali.

Afu dainamo. Watu wakisikia dainamo wanakumbuka ile chupa inayosugua tairi, inapiga kelele, mguu unakuwa mzito, mvua ikinyesha inateleza na taa inafifia. Hiyo sahau. Dainamo ya siku hizi iko ndani ya habu ya gurudumu la mbele, haisugui kitu, huisikii. Kiwango chake ni volti 6 wati 3, na inafika huko kwenye spidi ya kama km 15 kwa saa. Wati 3 jamani, ni kidogo mno, lakini hapa ndo utaona umbo la mwanga linavyofanya kazi, kwa sababu taa kama IQ-X ya Busch & Müller kwa hizo hizo wati 3 inakupa luksi 100 mita 10 mbele. Jumla ya lumeni zake ni ndogo kuliko tochi nyingi za kichina za mfukoni, na bado barabarani unaona vizuri kuliko mwenye tochi, kwa sababu karibu kila tone la mwanga limewekwa kwenye barabara.

Habu ninayoiamini ni SON, inatengenezwa na Schmidt wa Tübingen kule Ujerumani, wanaitolea waranti ya miaka 5. Shimano nao wana habu za dainamo za ngazi mbalimbali na nyingi zinafanya kazi vizuri tu. Uzito mguuni upo, taa ikiwaka unatoa kama wati 5 au 6 za ziada, ukilinganisha na wati 100 hivi ambazo mtu wa kawaida anasukuma akienda kazini, unaweza kuzipima kwa kifaa ila kwa mguu huzisikii. Ukipanda mlima polepole mwanga unapungua na ukienda mwendo wa mtu anayetembea unaanza kutetemeka, lakini kwa mwendo huo huhitaji kuona mbali. Ukisimama kuna kapasita ndani, kitu kinachotunza umeme kidogo, inaendelea kuwasha mwanga mdogo kwa dakika kadhaa, mbele na nyuma, kwa hiyo pale unaposubiri kukata kona katikati ya barabara hauko gizani.

Lakini hayo yote sio sababu kubwa. Sababu kubwa ya kupenda dainamo ni kwamba taa ipo. Ipo siku zote, imefungwa kwa skrubu, hamna kuchaji, hamna kuisahau mezani, siku umechelewa kutoka kazini na giza limekukuta bila kutegemea taa inawaka. Anayeendesha kila siku mwaka mzima atanielewa. Gharama yake ya kuanzia ni kubwa kuliko zote, na lazima gurudumu la mbele lisukwe upya na habu hiyo au ununue gurudumu zima, hilo ndo linawakimbiza wengi, na kwa mtu anayeendesha gizani mara moja moja sioni haja ya kumshawishi.

Nirudi kwenye betri maana huku kuna uongo mwingi unaniudhi kweli. Taa nyingi za kuchaji ndani yake kuna seli ya 18650, milimita 18 upana, 65 urefu. Seli nzuri ya saizi hiyo inabeba kama mAh 3500 (mAh ni kipimo cha umeme unaotunzwa kwenye betri), ambayo ni wati-saa 12 na nusu hivi. Sasa ukikutana na seli ya saizi hiyo imeandikwa mAh 9900, weka chini uondoke, haiwezekani. Na taa ya LED ikiwa nzuri inatoa lumeni 100 mpaka 130 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 1000 zinakula wati 8 mpaka 10, seli moja nzuri inaziendesha saa moja na kitu tu. Chukua boksi linalosema lumeni 5000 kwa saa 6 na ndani kuna seli mbili. Lumeni 5000 ni karibu wati 50, mara saa 6 ni wati-saa 300, na hizo seli mbili zikijaa kabisa zina 25. Hiyo hesabu unaifanya ukiwa umesimama dukani na simu yako, na utaokoa hela nyingi sana.

Hata kampuni zisizodanganya zina ujanja wao halali. Kuna kipimo kinaitwa FL1, kinasema muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa sekunde ya 30 baada ya kuwasha. Yaani taa ya lumeni 1000 ikiwa imeshuka mpaka 100 bado inahesabiwa inawaka kwa "nguvu ya juu". Kwa hiyo tafuta mchoro unaoonesha mwanga unavyoshuka kadiri muda unavyoenda, kampuni nzuri zinauweka, na kama haupo chukulia nusu ya walichoandika. Safari yako ikiwa ni saa moja kwenda na saa moja kurudi, zote gizani, nunua taa inayoweza kukaa saa 4 kwenye nguvu unayoitumia, kwa sababu betri inazeeka, na baridi nayo inaila. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0, ziache kwanza zipate joto la ndani.

Vitufe. Hii inaonekana ndogo lakini mi nimeitupa taa kwa sababu ya kitufe. Ilikuwa na kitufe kimoja, unabonyeza kali, kati, hafifu, kublinki, ZIMA, afu inaanza upya. Sasa uko kwenye mteremko, gari linakuja, unataka kupunguza, umebonyeza mara moja zaidi na glavu zako nene, giza. Uko spidi 35 na huoni kitu. Taa ya barabarani kuzima kwake kuwe kwa kushikilia kitufe muda mrefu, na kublinki kusiwe kwenye mzunguko huo huo wa kali na hafifu. Ukiwa dukani jaribu hilo kabla ya yote. Na kiwepo kitaa kidogo cha kukwambia betri imebaki kiasi gani, cha rangi zaidi ya mbili.

Kuhusu maji, IPX4 ni kurushiwa maji pande zote, inatosha mvua ya kawaida, IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kinachoua taa kwenye mvua mara nyingi sio mwili wake, ni kile kimpira cha tundu la chaji, kinalegea, hakifungi vizuri, maji yanaingia na matope. Kivute na ukirudishe mara kadhaa dukani, kama kinabaki kimenyanyuka hata kidogo ukiwa bado hujanunua, basi ujue. Kishikio nacho kishike bila kuzunguka, barabara ya changarawe inatikisa, taa inainama yenyewe kidogo kidogo mpaka unamulika gurudumu.

Taa ya nyuma. Watu wanapenda kali inayoblinki, mi kwenye barabara ya giza nataka inayowaka bila kukatika. Inayoblinki inavuta jicho haraka, hilo ni kweli na mchana inafaa sana, ila usiku kwenye giza kabisa dereva hana kitu kingine cha kulinganishia, nukta inayowaka na kuzima anashindwa kukadiria iko mbali kiasi gani na inaenda wapi. Ujerumani taa za kublinki kwenye baiskeli haziruhusiwi, Uingereza wameziruhusu tangu 2005 kwa masharti ya mapigo 60 mpaka 240 kwa dakika na nguvu isiyopungua kandela 4, kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga. Mi naweka mbili, moja ya kuwaka muda wote kwenye kerea, ya pili ndogo kwenye bomba la siti, ikifa moja nyingine ipo, na taa ya nyuma ikifa wewe huwezi kujua, hiyo ndo inanitisha. Angalia mizigo na koti lako la mvua visiifunike, kaa kwenye baiskeli ukiwa umevaa kila kitu mtu akuangalie kwa nyuma.

Garmin Varia RTL515 nimeitaja mwisho kwa makusudi maana sio lazima, lakini ni kitu kizuri, ni taa ya nyuma yenye rada, inaona gari linalokuja nyuma yako kuanzia mita 140 na kukuonesha kwenye kompyuta ya baiskeli au simu. Usiku mwanga wa gari unauona mapema hata bila rada, kwa hiyo faida yake kubwa iko mchana na kwenye upepo mkali ambapo husikii injini. Ikiwaka muda wote inakaa saa 6, kwa kublinki mchana saa 16.

Na riflekta za pedali, tafadhali msizing'oe. Kuna utafiti wa mwaka 2012 kule Australia, waliwapitisha madereva usiku kwenye barabara iliyofungwa wakiwa na waendesha baiskeli wenye mavazi tofauti. Mwenye nguo nyeusi alitambuliwa asilimia 2 ya mara zote, mwenye fulana ya rangi kali isiyo na mkanda wa kuakisi 15, mwenye fulana ya kuakisi 50, na aliyeongeza mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti 90. Ile juu chini juu chini ya miguu inamwambia dereva huyu ni mtu anaendesha baiskeli, hahitaji kufikiria. Mikanda miwili ya miguuni ni rahisi kuliko taa yoyote niliyoitaja humu, haina betri, na nikilazimishwa kubaki na vitu viwili tu vya nyuma nitabaki na taa moja na hiyo mikanda.

Ukishanunua, kuielekeza. Simamisha baiskeli kwenye sehemu tambarare mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umekaa juu yake na mzigo wako wa kila siku nyuma, maana mzigo unainua pua ya taa. Pima urefu wa taa kutoka chini, kisha mstari wa juu wa mwanga ukutani uwe sentimita 10 chini ya urefu huo. Taa ikiwa urefu wa mita 1, hapo mwanga utagusa barabara mita 50 mbele. Afu mpe mtu aishike, nenda ukasimame huko mbele, mwangalie usoni kama anavyokuja dereva. Kama unakunja macho, shusha.

Gari likija na taa kubwa na halishushi, usishindane nalo, shusha macho kwenye ukingo wa barabara wa upande wako, fuata mstari mweupe au pale lami inapokutana na majani, punguza mwendo, na likishapita usiongeze spidi hapo hapo, jicho lililopigwa mwanga linachukua muda kurudi, kulizoea giza kabisa ni mpaka dakika 20 au 30.

Kwa hiyo kama ni kila siku na njia yote ni giza, weka hela kwenye habu ya SON au Shimano na IQ-X mbele, taa ya nyuma iunganishwe waya huo huo. Kama ni siku kadhaa kwa wiki, Ixon ya AA au Space. Kama nusu ya njia ina taa za barabarani, Volt 800 kwenye lumeni 400 imeinamishwa. Na yoyote utakayochukua, kwenye begi iwepo tochi ndogo ya kufunga kichwani, sio ya kuendeshea, ni ya siku tairi imepasuka na unahitaji mikono yote miwili kutafuta mwiba uko wapi.